Picha Imepigwa Newala, Hadithi Iko Wapi?

Zipo safari ambazo wazee wa zamani wasingezielewa. Mtu hufunga mizigo, hulipa nauli ya ndege, huvuka bahari, kisha husimama juu ya daraja dogo la mawe katika bustani ya mji wa kigeni, hupigwa picha moja, na hurejea kwao ameridhika. Akiulizwa alikwenda kuona nini, hujibu kwamba hapo ndipo alipopita mtoto fulani wa katika sinema, aliyepotezana na wazazi wake siku za Krismasi. Mtoto huyo hakupata kuishi, alibuniwa. Lakini daraja lipo, nalo lina jina: Gapstow, katika bustani ya Central Park, New York. Kila ifikapo Desemba safari za namna hii huongezeka, kwa kuwa sinema za Krismasi hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na kila zirudiwapo, miji iliyomo ndani yake hupata wapenzi wapya. Wapo hata walioifanya kazi hiyo ndiyo riziki yao: huwachukua wageni kwa makundi na kuwatembeza kutoka nyumba hii hadi kona ile, kutoka mlango huu hadi hoteli ile.

Ni rahisi kuzicheka safari hizi. Hata hivyo mtu wa visiwani hana haki ya kuwa wa mwanzo kucheka. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwa miongo mingi ya karne iliyopita, sikukuu ya Idi haikutimia bila ya sinema. Watu walivaa nguo mpya, wakajipanga mbele ya Majestic, Empire na Cine Afrique, wakatoka humo wakiimba nyimbo za lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Filamu ya *Awaara*, iliyotoka mwaka 1951, iliwafanya watu ambao hawakupata hata kuvuka mkondo wa bahari kwenda Bara waizungumze Bombay kana kwamba ni mtaa wa pili baada ya Darajani. Bara nako, sinema ilipohamia katika vibanda umiza, mikanda ya kigeni ilipata wasimulizi wake. Maarufu kati yao ni Lufufu wa Dar es Salaam, aliyeisimulia kwa Kiswahili hata *Titanic*, sauti yake ikipanda juu ya sauti za wachezaji.

Masasi na Newala hazikuachwa nyuma na mapenzi haya. Masasi ni mji uliokaa chini ya milima ya mawe. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo mtu husimama akaiona nchi ya chini ikienda hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Msimu wa korosho huanza huko Oktoba, na fedha zake huzifikia nyumba nyingi mwisho wa mwaka ukikaribia. Kijana aliyejaliwa nauli hushuka Dar es Salaam, na miongoni mwa mambo anayoyatafuta ni kupigwa picha pale alipokwisha kupaona katika filamu na nyimbo za video: Coco Beach, Mlimani City, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Tofauti ya kijana huyu na yule aliyesimama juu ya Gapstow ni urefu wa safari tu. Basi badala ya kucheka, mhakiki hana budi kuuliza: ni nini kinachopafanya mahali papendwe kwa ajili ya sinema? Na swali la pili, ambalo huumiza zaidi: kwa nini kijana wa Newala hana mahali kwao pa kusimama kwa ajili hiyo?

Jibu la swali la kwanza halina budi kutafutwa ndani ya sinema zenyewe. Mtu akizitazama kwa makini sinema za Krismasi za miji mikubwa, atagundua jambo ambalo watembezaji wa wageni hawalitaji. Sinema hizi hazisifu mji. Zinasifu kurudi nyumbani. *Home Alone 2: Lost in New York*, ya mwaka 1992, inamwonyesha mtoto Kevin McCallister akiingia hoteli ya Plaza kwa kadi ya baba yake, akila vitamu kitandani na kuzunguka mjini kwa gari la kifahari. Kwa muda mji unakuwa wake. Lakini usiku unapoingia mji hugeuka, taa huwa kali, watu huwa wageni, na utamu wote wa hoteli hauwezi kujaza nafasi ya mama. Mwisho wa hadithi uko chini ya mti mkubwa wa Rockefeller Center, na ukubwa wa mti si kitu pale. Kitu ni kwamba mama ameujua moyo wa mwanawe, akakisia kuwa atakuwa penye mti. Anayekwenda leo kusimama chini ya mti ule anakwenda kusimama mahali ambapo mtoto alipatikana.

Sinema hiyo ina jambo jingine la kufunza. Duka la vitu vya kuchezea watoto, ambalo ndani yake hadithi nzima hujifunga, halimo New York. Uso wa duka lile ni wa jengo liitwalo Rookery, nalo liko Chicago. Atakayelitafuta katika mitaa ya New York atachoka miguu bure. Watengenezaji walichukua ukuta wa mji mmoja wakaupandikiza katika mji mwingine, na watazamaji wakaupokea bila ya kinyongo, kwa sababu hadithi ilikwisha kuwashika mkono.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa *It's a Wonderful Life* ya Frank Capra, iliyotoka Desemba 1946. George Bailey ni mtu wa mji mdogo uitwao Bedford Falls. Tangu utoto anatamani kusafiri, na kila akifunga mizigo, dhiki ya mtu mwingine humzuia. Siku ya mkesha wa Krismasi, akiwa amekata tamaa, anasimama darajani ili ajitupe mtoni. Badala yake anamwona mwingine akianguka majini, anaruka kumwokoa, na kwa kumwokoa anaokoka. Bedford Falls haipo katika ramani. Ulikuwa mji wa mbao na rangi, uliojengwa katika uwanja wa kampuni ya RKO huko Encino, California. Picha zilipigwa katika joto la kiangazi, na theluji iliyomgusa kila mtazamaji ilikuwa povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Mji huo wa mbao ulibomolewa miaka ya 1950.

Hata hivyo mahujaji wapo. Huenda Seneca Falls, mji mdogo wa jimbo la New York, unaojitaja kuwa ndio asili ya Bedford Falls. Kila Desemba hufanyika tamasha, na mwaka 2010 ilifunguliwa makumbusho ya filamu hiyo. Hakuna hata kipande kimoja cha filamu kilichopigwa hapo. Lakini lipo daraja la chuma, na katika daraja hilo, mwaka 1917, mhamiaji kijana wa Kiitaliano aitwaye Antonio Varacalli aliruka majini kumwokoa mwanamke aliyekuwa akizama; mwanamke akapona, yeye akafa. Jina lake limeandikwa pale. Huenda Capra aliisikia habari hiyo, huenda hakuisikia. Lililo muhimu kwa mhakiki ni hili: mahali pasipopigwa picha pamepata wageni, kwa sababu watu wa hapo walikuwa na hadithi yao, wakaitunza pamoja na jina la mwenyewe, na sinema ilipokuja ikakuta nyumba imekwisha kufagiwa.

Kutokana na mifano hii miwili mtu anaweza kutoa kanuni. Kamera haipafanyi mahali pakumbukwe. Jengo la Chicago liligeuka New York, na povu la sabuni likageuka theluji. Seneca Falls imepokea sifa ya filamu isiyopigwa kwake. Panapokumbukwa ni mahali ambapo mtu mwenye jina alipotea, au alipatikana, au alirudi. Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kupelekwa Masasi na Newala, kwa sababu huko upo mfano wa kinyume chake kabisa, nao ni mkongwe kuliko yote iliyotajwa.

Mwaka 1906 Hollywood ilikuwa haijapata studio hata moja. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka makumbusho ya Leipzig, alishuka pwani ya kusini akafika Lindi, kisha akaingia bara pamoja na wapagazi wake: Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeipitia nchi hiyo mwaka uliotangulia. Katika mizigo yake zilikuwamo kamera ya picha za kawaida, fonografu ya mitungi ya nta, na kamera ya sinema iliyotengenezwa na kampuni ya Ernemann ya Dresden. Akapiga picha ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kwa maneno mengine, viwanja vya Masasi na Newala vilikuwa viwanja vya sinema kabla ya Hollywood. Mtu anayependa kuzuru mahali zilipopigwa filamu angetarajia kwamba hapa pangekuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika orodha ya Afrika Mashariki. Lakini orodha za wazuru hazipataji.

Mikanda ile ilisafiri kwenda Ujerumani. Kitabu cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, kimefasiriwa na Alice Werner, mwanazuoni ambaye baadaye alifanya kazi kubwa juu ya fasihi ya Kiswahili. Haifai kumnyima Weule haki yake. Alichukua taabu, alisikiliza, na alihifadhi mambo ambayo pasipo yeye yangepeperuka na upepo wa Newala, ambao yeye mwenyewe aliulalamikia. Lakini lengo la mikanda yake lilikuwa kuonyesha namna watu wanavyocheza. Nani anacheza, kwa nini anacheza siku ile, na mwaka mmoja baada ya vita nani hayumo katika duara la wachezaji, hayo mikanda haikuyauliza. Wachezaji wamo kwa miili yao, majina yao hayamo. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Masikini wale walikuwapo, na lao halikuwapo.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba hata sinema za Krismasi zina watu wasio na majina. Ni kweli, na kuna mfano mzuri. *Love Actually* ya Richard Curtis, iliyotoka mwaka 2003, huanza na kumalizika katika ukumbi wa wageni wanaowasili uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Wale wanaokumbatiana si waigizaji. Ni wasafiri wa kweli, walionaswa na kamera zilizofichwa. Hakuna anayejua majina yao. Lakini tofauti ni mbili. Ya kwanza, baada ya kunaswa, watengenezaji waliwakimbilia kuwaomba idhini. Ya pili ni kubwa zaidi: kamera iliwatazama katika kitendo ambacho mtazamaji naye amekifanya. Kila mtu amewahi kumngoja mtu. Mama wa Kizanzibari anayengoja bandarini Malindi anamwelewa mama anayengoja Heathrow bila ya mkalimani. Kamera ya mwaka 1906 iliwatazama watu wa Newala katika jambo ambalo mtazamaji wa Leipzig hakulifanya kamwe, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kulipiga picha. Picha ya kwanza humsogeza mtu. Ya pili humweka mbali.

Kitabu cha Weule, kwa upande wake, kina ukarimu ambao mikanda haina. Ndani yake ametajwa kwa jina Sulila, malenga kipofu wa Masasi, na picha yake imo. Kwa mpenzi wa ushairi, ukurasa huo una thamani kuliko ngoma zote zilizonaswa. Sulila ni mtu. Ana sauti yake, na kwake yeye picha iliyopigwa ilikuwa kitu asichoweza kukiona. Mshairi kipofu mbele ya kamera: Capra mwenyewe asingebuni mwanzo bora kuliko huu wa hadithi. Lakini hadithi haikufuata. Msafiri aliendelea na safari yake, na msomaji wa kitabu huachwa na jina na uso, bila ya kujua malenga yule alitoka wapi, vita vilimkuta wapi, na nyimbo zake zilirithiwa na nani. Kama jina moja lina nguvu ya kumsimamisha msomaji baada ya zaidi ya miaka mia moja, basi majina yote yaliyokosekana ni hasara ya namna gani?

Jaribio jingine la sinema lilikuja miaka ya mwanzo ya 1950, mara hii kwa Kiswahili. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliipa kampuni ya Afrika Kusini kazi ya kutengeneza filamu za wenyeji, na miongoni mwazo ni *Muhogo Mchungu*. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mtu wa kusini kwa kuzaliwa, ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Hadithi ni ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa wajanja wa mjini. Kwa kanuni iliyotolewa hapo juu, filamu hii inaizidi mikanda ya Weule kwa mbali: ina mtu, ina jina, ina mji unaotambulika, na ina lugha ya watazamaji. Kasoro yake iko kwingine. Iliagizwa na watawala ambao hawakupenda watu wa shamba wajae mjini, na kwa hiyo inajua vizuri kueleza ubaya wa kwenda, ila haikujishughulisha kueleza uzuri wa kurudi. Shamba katika filamu ya namna hiyo ni mahali mtu anapotoka. Hapana mti ambao chini yake anangojwa. Mafunzo ya aina hii yameendelea hadi katika filamu nyingi za video za Dar es Salaam zilizokuja baadaye: mji una nyumba za ghorofa, magari na machozi, na kijiji kina bibi mmoja na mchawi mmoja. Kijana wa Newala akizitazama, anajifunza wazi wazi kwamba hadithi hutokea kwingine.

Na hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Hadithi ya kurudi nyumbani, tena hadithi ya Krismasi kwa tarehe na kwa maana, Masasi wanayo, na mwanzo wake uko Unguja. Mwaka 1873, kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pa soko, na Krismasi ya mwaka 1877 ikasaliwa ibada ya kwanza ndani yake. Kati ya Krismasi hizo mbili, mwaka 1876, Askofu Edward Steere, ambaye wapenzi wa lugha wanamjua kwa sarufi yake na kwa mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akawapeleka bara. Wengi walikuwa wametekwa katika nchi zilizo upande wa Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kusonga huko. Hawakufika. Walifika Masasi, wakaona milima ya mawe na ardhi njema, wakakaa.

Mtunzi wa sinema angeipenda sehemu hiyo ya mwanzo, lakini ukweli wa mambo ni mzito kuliko sinema. Watu wale hawakurudi kwao. Vijiji walikozaliwa vilikuwa mbali, na wengine walikuwa wameibwa wakiwa wadogo mno hata wasiweze kuvitaja. Walirudi upande wa kwao, wakapageuza mahali pasipokuwa pao pakawa nyumbani. Mwaka 1882 Wangoni waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara waliivamia Masasi, na watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakachukuliwa tena. Misheni ikajificha Newala kwa muda. Mwaka 1905 Maji Maji ikaichoma. Mmoja wa watoto waliotekwa na kukombolewa katika zama hizo, Cecil Majaliwa, Myao aliyesomeshwa Kiungani, alipewa upadri mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni yake kufikia daraja hiyo, na miaka ya utumishi wake ilipita Chitangali, katika nchi hiyo hiyo ya kusini. Hapa pana jina, pana kupotea, pana kurudi, na pana mahali: Mkunazini, Kiungani, Masasi, Newala, Chitangali. Hapahitajiki povu la sabuni.

Wageni wa Unguja huingia Mkunazini kwa maelfu. Huonyeshwa madhabahu, huonyeshwa sanamu za watu waliofungwa minyororo, zilizowekwa mwaka 1998, hupiga picha wakatoka. Ziara hiyo ni ya haki. Lakini inakatisha hadithi katikati, kwa sababu humwacha mtu aliyefungwa akiwa amefungwa. Nusu ya pili, ile ya kutembea kwenda Masasi, haitembelewi na mtu. Ikiwa New York imejua kumwonyesha mgeni mahali mtoto wa kubuni alipotea na mahali alipopatikana, je, Unguja na Masasi haziwezi kushirikiana kumwonyesha mahali watu wa kweli waliuzwa na mahali walipojenga nyumba? Dini ya mtazamaji haiwi kizuizi katika jambo hili. Newala ina Waislamu wengi, na Unguja zaidi. Lakini mama aliyepotezwa na mwanawe hakuulizwa dini kabla ya kulia.

Itasemwa kwamba fedha za kutengeneza filamu hazipo. Hoja hiyo ina uzito kwa filamu, haina uzito kwa hadithi. Seneca Falls haikutengeneza filamu; ilitunza jina la mtu mmoja juu ya daraja. Lufufu naye hakumiliki kamera. Alikuwa na sauti na lugha, na kwa sauti hiyo meli ya Kiingereza ilizama ndani ya Kiswahili. Msimulizi wa kibanda amethibitisha kwamba mtazamaji wa Kiswahili hapokei picha tupu. Hutaka aambiwe huyu ni nani na ametokea wapi. Kazi kama hiyo ndiyo inayoingoja mikanda ya mwaka 1906. Anayezionyesha ngoma zile Masasi au Newala bila ya msimulizi atakuwa amerudisha miili bila ya majina, kama ilivyochukuliwa. Panahitajika wazee wa kuitaja ngoma kwa jina lake na siku yake, na panahitajika washairi wa kusema yasiyokumbukwa, kwa uaminifu, bila ya kujifanya kuwa yanakumbukwa. Sulila peke yake anatosha utenzi.

Vijana wasilaumiwe. Wanaosimama juu ya Daraja la Tanzanite wanajua kusoma sinema kuliko wanavyodhaniwa: wamekwenda palipo na hadithi, kwa kuwa hawajaonyeshwa nyingine. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na Desemba inapofika mabasi ya kusini hujaa watu wanaorudi, wenye mifuko ya nguo za watoto na picha za mjini ndani ya simu. Newala wapo wanaokwenda jioni kwenye Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda unapokatika ghafla, na nchi yote ya Ruvuma ikawa chini ya miguu. Husimama na migongo yao ikilielekea bonde, wakapiga picha. Kamera sasa ni yao, na majina yao wanayaandika wenyewe chini ya picha. Hawajaambiwa tu kwamba hawakuwa wa kwanza kupigwa picha katika mji huo, wala kwamba hapo Newala waliwahi kukimbilia watu wa Masasi, baadhi yao wakiwa wametembea kutoka Mkunazini.